Sura ya Sita: Tofali, Tao na Mafundi wa Karema

Desemba 1879 tembo kutoka India aliingia Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akiwa hoi kwa safari. Walikuwa wanne waliposhushwa melini Msasani miezi michache nyuma. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwagharamia ili kujaribu jambo moja: kama tembo aliyefundishwa kazi angeweza kubeba mizigo kutoka pwani hadi maziwa makuu, katika nchi isiyo na barabara wala reli, ambako mbung'o waliua ng'ombe na farasi. Wenzake walikufia njiani. Yeye alifika, hakukaa sana, naye akafa. Kiongozi wa msafara huo, Frederick Carter, aliuawa Juni 1880 huko Upimbwe, ndani ya mkoa tunaouita leo Katavi, pamoja na Tom Cadenhead, walipokumbwa na vita ya mtemi Mirambo.

Naanza na tembo hao kwa sababu kisa chao kinaeleza mengi kuhusu majengo ya zamani ya ukanda huu. Jaribio liliposhindwa, kila kilichotoka pwani kiliendelea kusafiri kichwani na mabegani mwa mpagazi, mzigo wa kilo 30 hivi, mwendo wa miezi. Kwa njia hiyo huleti boriti za chuma. Huleti saruji ya kutosha kanisa. Anayetaka jengo kubwa litakalodumu atajenga kwa alichokikuta: udongo, kuni, mawe, miti na mikono ya watu. Miti nayo ina adui yake, mchwa, ambaye hufanya boriti ya juu ya mlango kuwa unga kabla mtoto aliyezaliwa mwaka huo hajaoa. Basi mpe mtu udongo na moto, mwambie avuke uwazi mpana wa mlango bila chuma wala mti, naye atafika kwenye tao. Watu wa Ulaya walifika hapo hapo miaka 1,000 iliyopita, na mtindo waliouzaa unaitwa Kiromaneski.

Jina hilo lilibuniwa mwaka 1818 na wasomi wa Ufaransa. Waliojenga hawakulijua. Wao walijua kwamba makanisa yao yalikuwa yakiungua. Katika karne ya tisa na ya kumi Ulaya Magharibi ilivamiwa kutoka kila upande: Waviking kutoka kaskazini kwa majahazi yao, Wamajari kutoka mashariki kwa farasi, na wavamizi wa baharini kutoka kusini. Paa la mbao juu ya kanisa likishika moto, kila kitu kinakwenda nalo, vitabu, mavazi, masalia ya watakatifu, hata watu waliokimbilia ndani. Uvamizi ulipopungua na mavuno yakaongezeka, watu walianza kujenga upya kwa bidii ambayo mmonaki mmoja wa Burgundy aliyeandika katika karne ya 11, Raoul Glaber, aliishangaa waziwazi. Safari hii walitaka mawe mpaka juu. Dari lenyewe liwe la mawe.

Hapo ndipo ugumu ulipoanzia, na karibu kila sura ya mtindo huu imetokana na ugumu huo.

Tazama kwanza fundi anavyoweka tao moja dogo, maana aliyelielewa tao moja amelielewa kanisa zima. Kuta mbili za mlango zimepanda, timazi imeshuka, pima maji imesema ziko sawa. Katikati inasimamishwa fomu ya mbao, nusu duara kamili, juu ya miti iliyokalishwa kwenye kabari. Fundi anaanza pande zote mbili kwa pamoja, tofali la kushoto, tofali la kulia, kwa sababu akielemea upande mmoja fomu itasukumika na kazi itapinda. Kila tofali linaelekezwa kwenye kitovu cha duara, na kamba iliyofungwa kwenye msumari katikati ya fomu ndiyo inayomwonyesha fundi mwelekeo. Udongo wa kuunganishia anaupaka mwembamba kwa ndani na mnene kwa nje, maana tofali lina pembe mraba na duara halina. Juu kabisa linabaki pengo la tofali moja. Tofali hilo la mwisho linaingizwa kwa kugongwa taratibu mpaka likabane. Udongo unaachwa ukauke. Kisha kabari zinalegezwa, kidogo kidogo, fomu inashuka upana wa kidole, na tao linabaki juu peke yake.

Kinacholishikilia ni uzito wake wenyewe. Kila tofali linataka kuanguka na kila tofali linazuiwa na mwenzake, mpaka uzito wote unafika kwenye mabega ya ukuta. Lakini uzito huo haushuki wima. Unasukuma pembeni. Tao la nusu duara lina msukumo mkubwa wa pembeni, na ukilirefusha tao hilo likawa dari la kanisa zima, handaki la mawe lenye urefu wa mita 60 au zaidi, msukumo huo unakandamiza kuta mchana na usiku, mwaka hadi mwaka. Mafundi wa karne ya 11 walijibu kwa kunenepesha kuta. Waliziongezea miega kwa nje. Walizipunguzia madirisha, kwa sababu kila tundu ni udhaifu. Ndiyo maana ukiingia katika kanisa la Kiromaneski unakuta giza lenye ubaridi, nguzo nene ambazo watu wawili wakizikumbatia mikono haikutani, na mwanga unaopenya kwa vipande kupitia madirisha madogo yaliyopigwa mshazari ndani ya ukuta mnene. Wengi husema giza hilo liliwekwa makusudi kwa ajili ya ibada. Waumini walilipenda, hilo ni kweli. Lakini chanzo chake ni msukumo wa dari.

Mtindo ulikua mkubwa kupita kiasi. Huko Cluny, Burgundy, wamonaki walianza mwaka 1088 kanisa lao la tatu, ambalo urefu wake ulifika mita 187 hivi. Kwa miaka mia kadhaa halikuwapo kanisa refu kuliko hilo katika Ukristo, mpaka Basilika ya Mtakatifu Petro ilipojengwa upya Roma. Huko Durham, Uingereza, kazi ilianza 1093, na mafundi wa pale wakagundua kwamba dari linaweza kubebwa na mbavu za mawe zinazopishana, hatua iliyofungua njia ya mtindo wa Kigothi uliofuata. Huko Pisa kanisa kuu lilianza miaka ya 1060, na mnara wake wa kengele, ule unaojulikana duniani kote kwa kuinama, ulianza 1173. Njia za mahujaji kwenda Santiago de Compostela, Hispania, zilieneza mtindo huu kijiji hadi kijiji, kwa kuwa mahujaji walihitaji makanisa yenye njia ya kuzunguka nyuma ya altare bila kukatiza misa.

Inafaa tujikumbushe kilichokuwa kikitokea kwetu wakati huo huo. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi katika mihrabu yake yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Cluny ilikuwa bado inajengwa. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza karibu na kipindi hicho, na ulipopanuliwa baadaye mafundi wake walifunika ukumbi kwa kuba na madari ya matao, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Tatizo lilikuwa lile lile la kuvuka uwazi bila mbao za kutosha, na mafundi wa pwani walilitatua kwa namna yao, bila kumsubiri mmisionari yeyote. Kwa hiyo tao lilipofika Ziwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19 halikuwa geni Afrika Mashariki. Kwa upande wa bara tu lilikuwa jipya.

Lilifikaje? Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, walituma msafara wao wa kwanza kuelekea maziwa makuu mwaka 1878. Waliondoka kupitia Marseille. Pale bandarini lilikuwa likijengwa kanisa kuu jipya, La Major, lenye kuba na matao ya nusu duara na mistari ya mawe ya rangi mbili, na kando yake lilisimama kanisa kuu la kale la karne ya 12, la Kiromaneski halisi, likiwa limebomolewa sehemu ili kupisha jipya. Sidhani kwamba kijana aliyekuwa akiaga nchi yake siku hiyo alihitaji somo la usanifu. Wengi wa mapadre na mabruda hao walitoka vijiji vya Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na katika vijiji vingi vya nchi hizo kanisa la parokia ni jengo la karne ya 11 au ya 12, lenye ukuta mnene, mlango wa duara na mnara mfupi. Hilo ndilo walilobatiziwa. Karne ya 19 nayo ilikuwa imeurudisha mtindo huo kwa nguvu. Paris ilianza Basilika ya Moyo Mtakatifu mwaka 1875 kwa kuba na matao ya duara, na Wajerumani walikuwa na mtindo wao kamili wa tao la duara kwa makanisa, shule na stesheni za reli.

Karema yenyewe haikuanzishwa na mapadre. Agosti 1879 Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji, aliweka pale kituo cha Chama cha Kimataifa cha Afrika, chama ambacho nyuma yake alikuwa Leopold. Ngome ilijengwa juu ya kilima, jirani na maji. Miaka hiyo ziwa lilikuwa juu kuliko linavyoonekana leo. Mlango wake wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, ulikuwa ndiyo kwanza umefunguka, na katika kipindi cha miaka 15 hivi maji yakashuka kwa mita kama 10. Ufuko ukakimbia, ngome ikabaki juu ikitazama nchi kavu mpya mbele yake. Kapteni Ramaeckers aliendeleza ujenzi na akafia hapo 1882. Baada yake akaja Luteni Émile Storms.

Sitampita Storms haraka. Kutoka Karema alivuka ziwa, akaanzisha kituo cha Mpala mwaka 1883, na Desemba 1884 watu wake walimuua mtemi Lusinga wa upande wa pili wa ziwa, wakamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji, ambako limehifadhiwa katika taasisi ya serikali Brussels. Anayesifu kuta za Karema akaacha kusema hayo anasimulia nusu ya habari. Mtindo wa Kiromaneski huko Ulaya nao ulizaliwa katika zama za mabwana wa ngome, na kuta nene zilizolinda wanyonge zilimlinda pia aliyewanyonya. Jengo haliwezi kuoshwa likatengwa na damu iliyomwagika kulizunguka. Linaweza kusomwa lote, na kulisoma lote ndiyo heshima tunayoweza kuwapa waliokufa.

Mwaka 1885, baada ya mataifa ya Ulaya kugawana nchi na Karema kuangukia upande wa Wajerumani, Chama kilikabidhi kituo kwa Lavigerie. Ngome ikawa misheni. Waliohamia kuizunguka wengi wao walikuwa watu waliotoroka au waliokombolewa kutoka biashara ya watumwa, iliyokuwa ikipita ziwani kuelekea Ujiji na Tabora, pamoja na Wabende, Wafipa na wengine wa jirani waliotafuta ulinzi. Hapa ndipo ninapoona Cluny na Karema zikikaribiana kweli, kwa namna ambayo haitegemei umbo la madirisha. Pale Ulaya watu walikusanyika kuzunguka abasia kwa hofu ya wavamizi, wakalima ardhi yake, wakajenga kuta zake, wakazikwa kwenye uwanja wake. Hapa Karema watu walikusanyika kwa hofu kama hiyo. Ukuta mnene ulikuwa na maana ya kwanza kabla ya maana ya sanaa: ndani yake mtu alilala.

Vifo vya mwanzoni vilikuwa vingi. Askofu wa kwanza wa eneo hili, Jean-Baptiste Charbonnier, aliwekwa wakfu Kipalapala, Tabora, mwaka 1887, na mwaka uliofuata akafariki Karema. Askofu Adolphe Lechaptois alikabidhiwa uongozi 1891 akabaki Karema mpaka alipofariki 1917, na katika miaka yake misheni ilienea hadi Ufipa. Naye Adrian Atiman, mzaliwa wa karibu na Timbuktu, aliyekamatwa utotoni akauzwa, akakombolewa na mapadre na kusomeshwa utabibu Malta, alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Alioa binti wa Kibende, akatibu watu kwa zaidi ya miaka 60, na akafariki pale pale mwaka 1956. Hospitali moja ya Sumbawanga inabeba jina lake. Ukitaka kujua kuta za misheni zilikuwa za nini, maisha ya Atiman yanakujibu vizuri kuliko ramani ya jengo.

Sasa tuje kwenye udongo. Yeyote aliyepita vijiji vya Katavi wakati wa kiangazi ameona tanuru la matofali kando ya njia: matofali mabichi yamepangwa juu kama kichuguu, mashimo ya moto chini, udongo umepakwa nje kuzuia joto lisitoroke, na moshi unaotoka siku kadhaa mfululizo. Kazi hiyo inafanywa baada ya masika, maji yakiwa bado yapo karibu na mvua haipo. Misheni zilifuata kalenda hiyo hiyo. Mabruda walileta vipimo, kibao cha kupigia tofali chenye ukubwa mmoja, na ujuzi wa fomu ya tao. Wenyeji walijua udongo upi unapasuka na upi unashika, mti upi unatoa moto wa muda mrefu, wapi mchwa wanapita. Bila ujuzi huo wa pili, ule wa kwanza ungeishia kwenye karatasi.

Walichojenga kando ya ziwa hili kilikuwa Kiromaneski kilichopunguzwa hadi kubaki mifupa. Dari la mawe halikuwezekana, na wala halikuhitajika sana. Paa la mbao na vigae lilitosha, kama ilivyokuwa katika makanisa mengi ya mwanzo ya mtindo huu huko Ulaya kabla madari ya mawe hayajaenea. Msukumo wa pembeni ukapungua. Hata hivyo kuta zilibaki nene, kwa kuwa tofali la kuchoma kwa kuni halina nguvu ya jiwe na udongo si saruji. Unene huo ukageuka kuwa neema katika joto la bondeni: mchana ukuta unachukua joto taratibu, na waumini ndani wanakaa kwenye ubaridi. Baraza refu lenye safu ya matao, ambalo huko Ulaya liliwazungusha wamonaki ndani ya abasia, huku likawa kivuli cha darasa, cha zahanati, cha watu wanaosubiri kuonana na padre. Mvua za masika zikipiga, tao linalinda ukuta wa ndani usiloane.

Ninachokikosa katika majengo haya ni sanamu. Makanisa ya Kiromaneski ya Ulaya yamejaa mawe ya kuchongwa, hasa nusu duara lile juu ya mlango mkuu. Lile la Autun, Burgundy, lililochongwa karibu na 1130, linaonyesha Hukumu ya Mwisho. Kristo mkubwa yuko katikati. Chini yake wafu wanatoka makaburini kwa mstari, na miongoni mwao mahujaji wawili wamebeba mifuko yao, mmoja una alama ya msalaba na mwingine una kombe la Santiago, wamefufuka na mizigo yao ya safari. Mbele kidogo mikono miwili mikubwa isiyo na mwili imekamata kichwa cha mtu kwa shingo, kumvuta juu. Malaika na shetani wanapima roho kwenye mizani. Hayo yote yalichongwa kwa ajili ya watu ambao wengi wao hawakujua kusoma, wakayasoma kila Jumapili wakipita chini yake. Na chini ya miguu ya Kristo limechongwa jina: Gislebertus. Wataalamu bado wanabishana kama ni mchongaji au mfadhili. Mimi niko upande wa wanaosema ni mchongaji, kwa sababu kazi hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho ni ya mkono mmoja, na mwenye mkono huo alistahili kuandika jina.

Karema hakuna aliyeandika jina. Mawe ya kuchonga yalikuwa mbali na muda ulikuwa mfupi, hilo linaeleweka. Lakini taarifa za misheni zilihifadhi majina ya maaskofu, mapadre na mabruda waliosimamia, na mara nyingi zikawataja waliofyatua tofali, waliochoma, waliopanda juu ya jukwaa na mwiko mkononi, kwa neno moja tu, mafundi, au vibarua. Wale walikuwa wanaume na wanawake wenye majina ya Kibende, Kifipa, Kitongwe, Kirungwa na Kimanyema. Wanawake walibeba maji na udongo. Walijenga jengo refu kuliko lolote walilowahi kuliona, kwa mbinu ambayo ukikosea kipimo kimoja inakuangukia. Wamesahauliwa kwa jumla, na hilo linaniuma.

Mtindo huu haukubaki ziwani. Wazanzibari wanalijua kanisa la Mtakatifu Yosefu, Minara Miwili, lililojengwa na Wafaransa miaka ya 1890 katikati ya Mji Mkongwe. Kampala, kanisa kuu la Rubaga, lililowekwa wakfu 1925, ni la Kiromaneski tangu msingi hadi minara yake miwili, na matofali yake yalichomwa huko huko Uganda. Kusini, Wabenediktini wa Peramiho walijenga kanisa la abasia yao miaka ya 1940 kwa matao ya duara. Kwao ilikuwa kawaida: shirika lao ni la wamonaki, na wamonaki ndio walioukuza mtindo huu zama za kati.

Kwa upande wa Mpanda kilichoumaliza ni reli. Dhahabu iligunduliwa Mpanda miaka ya 1930, kisha risasi, na ili kuisafirisha risasi hiyo tawi la reli kutoka Kaliua lilifika Mpanda mwaka 1950. Treni iliyotoka na madini iliweza kuingia na saruji, nondo na mabati. Tangu hapo fundi hakulazimika tena kupinda tofali juu ya mlango. Aliweka nondo nne, akamwaga zege, akawa na linta iliyonyooka. Ni rahisi, ni haraka, na siwalaumu waliochagua hivyo. Jimbo Katoliki la Mpanda lilipoanzishwa mwaka 2000, Karema, iliyokuwa makao ya maaskofu kabla makao hayajahamia Sumbawanga, ikawa parokia mojawapo ya jimbo jipya. Siku hizi bandari mpya ya Karema inaleta watu na magari mahali ambapo kwa miongo mingi wageni walikuwa wachache.

Bandari hiyo inanifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Mahali panapopata barabara na biashara, jengo la zamani huanza kuonekana kama kizuizi. Cluny ilinusurika vita vya miaka 700, lakini baada ya Mapinduzi ya Ufaransa iliuzwa na kubomolewa ili mawe yake yajengee nyumba. Leo kimebaki kipande kidogo tu, na watafiti wametumia miaka mingi kuchimba na kupima ili kujua kilichopotea. Autun ilipona kwa bahati. Mwaka 1766 mapadre wa pale waliona sanamu zile ni za kishamba, wakazifunika kwa lipu, na lipu hiyo hiyo ndiyo iliyozificha wakati wa Mapinduzi mpaka zilipofunuliwa 1837.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Karema ilianza 1879. Misheni zote za ziwa hili zimejengwa baada ya tarehe hiyo, na kwa hiyo zinahitaji tamko la waziri mwenye dhamana, moja moja, ili zipate ulinzi huo huo. Tamko haliombwi na jengo. Linaombwa na watu wenye vipimo, picha na maelezo mkononi.

Basi kama unaishi Karema, Mpanda, Kirando au popote kando ya ziwa ambapo kuna misheni ya zamani, chukua kamba ya kupimia. Pima unene wa ukuta na upana wa kila tao, andika. Piga picha kabla ya ukarabati, maana lipu mpya ya saruji juu ya tofali la udongo hufungia unyevu ndani, na ukuta uliodumu zaidi ya miaka 100 unaweza kuanza kubomoka. Halafu nenda kwa wazee wa kijiji, uwaulize babu zao waliofyatua tofali waliitwa nani, na majina hayo yaandikwe katika kitabu cha parokia, kwenye ukurasa ule ule wa maaskofu.